Mvuvi Aliyekula Kwanza

Mvuvi wetu hakujua kuogelea. Jambo hilo lilijulikana kuanzia daraja la Nzoia hadi sokoni Mumias, na yeye mwenyewe hakulificha. Alisema mtu anayejua kuogelea huuzoea mto, na mto hautaki mazoea. Kwa hiyo aliingia majini mpaka kiunoni, akasimama pale kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini, na zaidi ya kiuno hakwenda. Penye kina alipanda mtumbwi wake wa gogo akiwa amejifunga kamba tumboni, na ncha ya pili ya kamba ameifunga kwenye mti ukingoni. Tulimcheka sana. Naye alicheka, maana kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa na samaki, na sisi tuliokuwa tukicheka tulikuwa na ndoo tupu.

Nasema "mvuvi wetu" kwa mazoea ya ulimi. Aliyeishi Mumias miaka ile ya tisini atakupa sifa zake bila kuombwa, na mimi pia nitazitoa, kwa sababu ni za kweli na sipendi kumnyima mtu haki yake. Lakini mtu huyu aliniharibia jina mbele ya soko zima, na jina hilo sijalipata tena. Basi msomaji asishangae akikuta nimechanganya asali na shubiri.

Alikuwa mrefu, mikono yake imechanjwa na ndoana kila mahali. Siku za kazi alivaa suruali iliyokatwa magotini na koti la mvua lisilo na vifungo, hata jua likiwaka. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na ukikutana naye barabarani ungedhani ni kadhi anayetoka kuamua mirathi. Mke wake ndiye aliyeipiga pasi hiyo kanzu, na mke wake ndiye mtu pekee ambaye yeye alimwogopa. Bwana mkubwa wa maneno kule mtoni, nyumbani aliomba ruhusa ya kuketi. Tulijua, na tulimtania kwa hilo pia.

Salamu kwake ilikuwa kitu kizito. Mwanamke akifika na kuuliza bei kabla ya kusalimu, alimgeuzia mgongo akaanza kuzungumza na migono yake, yale matenga marefu ya fito ya kunasia samaki, kana kwamba yenyewe ndiyo yenye adabu. Wanawake wa Kikristo waliposema mulembe, aliwajibu mulembe, kisha akauliza habari za ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi yake. Sisi Waislamu tulipomtolea salamu alituitikia kwa ukamilifu wote, halafu akauliza magoti ya mama zetu. Samaki wakikuta mazungumzo hayajaisha walisubiri. "Samaki hana haraka," alisema. "Mwenye haraka ni karai."

Alikuwa na ukarimu wa ajabu na uchoyo wa ajabu. Angempa mgonjwa kambare mzima bila kuulizwa, na akipita mahali pana matanga aliacha mfuko wa samaki mlangoni akaenda zake. Lakini hakumwonyesha mtu yeyote mahali alipotega. Alikuwa na shimo lake moja la kambare juu ya kona ya mto, na kwenda huko alizunguka kupitia shamba la miwa, akaingilia upande mmoja na kutokea mwingine, ili mtu asifuate nyayo zake. Na samaki wa ziwani hakutaka hata kusikia harufu yake. Aliwaita samaki wa lori. Alisema samaki aliyepanda gari kabla hajafa ameshapotea akili, na anayemla atapotea pia.

Lakini kilichompa heshima si hayo. Ni kula.

Kabla hajauza hata samaki mmoja, alikula. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi pale mchangani chini ya daraja, wala haikuwa yake peke yake hapo mwanzo. Wakati wa kiangazi mto ukikonda na kuacha madimbwi, kulikuwa na watu waliotwanga majani ya utupa na kuyamwaga humo, samaki wakalewa wakaelea wenyewe. Utupa ulimpa mtu tumbo la kuendesha, basi. Baadaye vijana wakagundua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe, na hiyo haina mzaha. Kwa hiyo mwanamke aliyekuja kununua alitaka kumwona mvuvi akionja kwanza. Wavuvi wengine waliiacha desturi ile kwa kuona inawadhalilisha. Yeye hakuiacha. Aliwasha moto wa vijiti, akachomoa samaki katikati ya rundo, si wa juu wala wa chini, akambanika, akamla mbele yetu na kichwa chake, polepole, sisi tumekalia ndoo zetu tukimtazama mdomo.

"Mimi ni paka wenu," alituambia. "Nikianguka, rudini nyumbani."

Akishamaliza alinawa, akasema alhamdulillahi, na biashara ikaanza. Sokoni sisi tuliouza samaki wake hatukuhitaji kuwapigia watu kelele. Mteja aliuliza tu, "Ni wa yule mzee?" Ukisema ndiyo, alitoa sahani. Wakata miwa walitoka mashambani saa sita wakiwa weusi kwa majivu, wakapita vibanda vingine vyote wakaja kwetu, kwa sababu samaki wetu alikuwa ameshaliwa na mtu akabaki mzima. Hilo ndilo tuliloliuza. Samaki yuko kila mahali.

Na dawa aliichukia kwa mdomo wazi. Kiangazi kimoja aliwakuta vijana wawili na mkebe kwenye dimbwi. Aliwanyang'anya mkebe, akachimba shimo mbali na maji akaufukia, halafu akawapeleka kwa mzee wa kijiji huku amewashika masikio, vijana wenye ndevu. Kwenye baraza alisimama akasema anayetia dawa mtoni ametia dawa katika sufuria ya mamake. Maneno hayo yaliwaingia watu. Imamu aliyatumia msikitini, na Mama Nafula aliniambia mchungaji wao aliyatumia pia Jumapili iliyofuata, bila kutaja alikoyatoa.

Mama Nafula huyu ndiye rafiki yangu niliyempoteza, kwa hiyo inafaa nieleze tulivyofahamiana, na hapo pia nitamkuta mvuvi amesimama katikati. Mume wangu alipofariki, mvuvi alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Nilipomaliza eda, binti yangu Zuhura akiwa ameshaolewa Matungu, nilibaki peke yangu na nyumba ya kupanga na sijui nianzie wapi. Mvuvi alituma salamu kwamba nishuke mchangani na ndoo. Nilishuka. Alinifundisha kumpasua samaki ubavuni ili chumvi iingie, kumwacha akauke maji kabla ya kumtia kwenye mafuta, na kutomgeuza mara mbili. Kisha akamwita mwanamke mmoja mnene mwenye sauti nzuri, mke wa mkata miwa, mwimbaji wa kwaya, akatuambia kuni ni ghali na karai moja linatosha wanawake wawili wasiogombana. Sisi tukacheka, kwa kuwa hatukujuana hata majina. Tangu siku hiyo tulikaanga pamoja. Mafuta yalikuwa yangu, kuni zilikuwa zake. Krismasi alinipikia ingokho, jogoo mzima, baada ya kumpeleka kwa jirani yangu Mwislamu amchinje ili niweze kumla. Idi nilimpelekea pilau. Nafula, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na umri wa kuanza shule, na akitoka darasani alikuja moja kwa moja kwenye karai kudai mkia, ule unaokauka mpaka unavunjika kama biskuti. Nilimwekea kila siku. Mama yake alinikataza, nami nikaendelea.

Kwa hiyo nikisema nilimpenda yule mzee, nasema nilimpenda. Alinipa kazi, akanipa na mtu.

Kilichomharibu, kama naruhusiwa kukisia, ni mgongo wazi. Miaka ile viwanda vya kule ziwani vilikuwa vinachukua minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kuipeleka ng'ambo, na mifupa iliyobaki, kichwa na uti wa mgongo na kinyama kidogo cha kung'ang'ania, ilipakiwa kwenye malori ikaletwa kwetu bara. Watu waliita mgongo wazi. Ulikuwa rahisi, na mtu mwenye watoto wengi angechemsha mchuzi wa kulia obusuma, ugali wetu, nyumba nzima ikashiba. Mvuvi alituambia tunawauzia watu mifupa ya chakula cha wengine. Alisema kweli, lakini kweli haikujaza ndoo. Mto nao ulikuwa unapungua mwaka hadi mwaka. Siku nyingine alitoka majini na vitu vya kumtosha paka halisi. Mmoja mmoja wanawake waliacha kushuka mchangani, wakawa wanasubiri lori barabarani, na wakipita darajani walimpigia kelele huku wakicheka, wakimwita mvuvi wa matope. Yeye alitazama migono yake. Mtu aliyezoea kuzungukwa na wanawake kila asubuhi wakimtazama mdomo, kuachwa namna ile kulimuuma, nami niliona. Nilimhurumia. Mimi na Mama Nafula tuliendelea kushuka hata siku ambazo tulijua tutarudi na ndoo tupu.

Sasa nifike siku yenyewe.

Ilikuwa wiki ile baada ya Idi, mto umekonda kabisa, mawe yako nje. Nilikuwa nafunga zile siku sita za sunna anazofunga mtu baada ya Ramadhani. Tulishuka sisi wawili tu. Tukamkuta na matenga mawili yamejaa, kambare na ningu, kitu ambacho hatukuwa tumekiona kwa miezi. Nilifurahi mpaka nikasahau kumuuliza hali. Samaki walikuwa wameshapasuliwa, matumbo yametolewa na mashavu yametolewa, wameoshwa wakawa weupe. Hakuwahi kufanya hivyo. Alisema ametupunguzia kazi. Leo najua kwamba samaki wa dawa hujulikana mashavuni, huwa yamefifia rangi, na ndiyo maana hayakuwepo. Siku ile niliona ni wema.

Na hakukuwa na moto.

Mama Nafula alitua ndoo yake lakini hakuikalia. Alimtazama mzee, akatazama pale penye majivu ya zamani.

"Omusakhulu, mbona leo hukuli?" alisema. "Wewe unakulanga kwanza."

Mzee alijigusa koo. "Nimefunga, mama."

Alisema akimjibu yeye, lakini macho aliyaleta kwangu. Mimi niliyejua saumu ni nini, mimi niliyekuwa na kiu wakati ule ule. Na nilifanya kile ambacho Mwislamu yeyote wa Mumias angefanya. Mtu akisema amefunga, humuulizi. Saumu ni kati yake na Mungu wake, na kumshuku ni dhambi juu yako. Nilimgeukia rafiki yangu nikamweleza kwamba kuna siku sita baada ya Idi, kwamba hata mimi nimefunga, na kwamba aliyefunga haambiwi onja.

"Kama umesema wewe, basi," Mama Nafula akasema, akajaza ndoo.

Tulikaanga. Wakata miwa walikuja wakala. Nafula alitoka shule akadai mkia wake nikampa, na kwa kuwa siku ile samaki walikuwa wengi nilimpa na kipande cha ubavu. Mama yake alikula kidogo, maana hakuwa na hamu. Mimi sikula, nilikuwa nimefunga. Kabla ya alasiri watu walianza kutapika nyuma ya vibanda. Nafula alilala juu ya gunia na mate yakamtoka, macho yake yakawa madogo. Baba yake alimpakata kwenye baiskeli ya boda boda, kijana mwenye baiskeli akakanyaga kwa nguvu zake zote kuelekea hospitalini, na sisi tukawa tunakimbia nyuma. Tulipofika alikuwa ameshafariki. Wakubwa wote walipona. Yeye alikuwa mdogo.

Baraza liliitwa sokoni baada ya mazishi. Nilienda nikiwa na uhakika wa jambo moja, kwamba mzee atasema. Sikujua bado alichofanya. Nilidhani labda dawa ilimwagwa juu ya mto na watu wengine, naye akaokota bila kujua, na kwamba atasimama kwa uchungu aseme samaki walitoka mkononi mwake, tutafute waliomwaga. Nilimwona amekaa mstari wa mbele amevaa ile kanzu ya Ijumaa, na moyo wangu ukatulia. Nilijiambia huyu ndiye aliyemchimbia mume wangu kaburi.

Naibu wa chifu alimuuliza kuhusu samaki. Mzee alisimama akasema samaki wake walikuwa wazima, kama wanavyokuwa siku zote, na watu wanamjua. Halafu akasema, kwa sauti ya huruma, kwamba siku hizi kuna mafuta ya transfoma.

Lazima nieleze kwa asiyejua. Wakati huo kulikuwa na uvumi, na si uvumi mtupu, kwamba wezi wananyonya mafuta kwenye transfoma za umeme na kuyauza kwa wakaangaji, kwa kuwa hayaishi upesi karaini. Kila mtu aliyekula chipsi mjini alikuwa na hofu hiyo tumboni. Mzee hakunitaja jina. Hakuhitaji. Soko zima lilijua mafuta ya lile karai ni ya nani.

Nilisimama nikasema mafuta yangu nimenunua dukani, na kwamba siku ile mzee hakula kwanza. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na wewe ulikula?" Nikasema nilikuwa nimefunga. Watu wakacheka, kile kicheko kifupi cha kumvua mtu nguo. Mzee aliulizwa kama ni kweli hakula, akasema ni kweli, alikuwa amefunga, na Mungu ni shahidi wake. Hakuna aliyecheka. Neno lile lile, siku ile ile, kinywani mwake likawa ibada na kinywani mwangu likawa ushahidi.

Nikamgeukia Mama Nafula. Nilimwomba aseme, yeye aliyeuliza pale mchangani. Alikuwa amefunga leso kiunoni na uso umevimba kwa kulia.

"Niliuliza," alisema. "Ni wewe uliyenijibu."

Mama mmoja akasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwamba wakaangaji sasa watakosa wateja kwa ajili yangu. Vijana walipindua karai langu, mafuta yakaingia udongoni, na hapo ndipo ushahidi wangu wa pekee ulipoishia, maana hakuna aliyeyapima. Nilimtazama mzee. Alikuwa akitazama vidole vyake. Nilingoja ainue uso, nikangoja sana, kisha nikaenda nyumbani.

Ukweli niliupata kwa mke wake. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, tukakutana kwenye foleni ya kinu cha posho, wanawake wengine hawataki kusimama karibu nami, yeye akaja akasimama. Alizungumza huku akilitazama debe lake la mahindi. Alisema siku ile mume wake hakufunga. Alikunywa uji na nduma kabla ya kutoka. Na alimkataza yeye na wajukuu wasishuke mtoni kuchukua kitoweo, ingawa kila siku kitoweo cha nyumbani kilitengwa kwanza. Alipomuuliza kwa nini, alimwambia anyamaze. Mkebe wa dawa ya kupe uliokuwa kwenye paa la zizi haukuwepo tena.

Nilimwomba aje anisemee. Alinishika mkono. Alisema, "Haya nimekuambia wewe. Mbele ya watu siwezi, ni mume wangu." Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia. Hata mimi ningemwambia nani? Kwamba mke wa mtu aliniambia kwenye foleni? Wangesema sasa nimeongeza fitina juu ya sumu.

Nikaja kuishi Matete, upande wa kaskazini, ambako watu hawakunijua kwa karai. Sikukaanga tena. Niliuza mboga, sukuma na mrenda na ndizi za kupika, vitu ambavyo mteja huvipika mwenyewe kwa mafuta yake. Habari za Mumias zilinifikia. Nilisikia mvuvi ameacha mto, mtoto wake amenunua lori la kubebea miwa, na mambo yake yamenyooka. Nilisikia pia kwamba mpaka alipoacha aliendelea kula samaki wa kwanza mbele ya watu, na watu waliendelea kumsifu. Mama Nafula walikuwa bado wanamwita Mama Nafula, kwa kuwa hakuna aliyejua jina jingine la kumwita. Nilimtumia salamu mara nyingi kwa watu waliokwenda huko, na salamu hazikurudi. Wala sikumlaumu yeye. Chuki yangu yote niliihifadhi kwa mtu mmoja, nikaitunza vizuri, na atakayeniambia haikunifaa namwambia ilinifaa, asubuhi nyingine hiyo ndiyo iliyoniamsha.

Siku ya soko, miaka michache baadaye, lori la miwa lilisimama kando ya barabara pale Matete na mzee akashuka polepole, akishikwa mkono na dereva. Alikuwa amezeeka ghafla, shingo imekonda, kofia mpya kabisa kichwani. Alikuja moja kwa moja kwenye mboga zangu. Dereva alibaki mbali. Tulisalimiana, kwa sababu salamu haikatai mtu, na nikampa kigoda changu akakaa, mimi nikakaa juu ya gunia.

Alisema mtoto wake amemlipia safari ya Makka. Nilielewa kabla hajaendelea. Anayekwenda kuhiji huzunguka kwanza kwa watu aliokaa nao, anaomba msamaha nyumba kwa nyumba, ili aende hana mtu nyuma yake.

"Nisamehe, Mama Zuhura," alisema, "kwa niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua."

Ni maneno ya kila mtu. Hata mimi nimewahi kuyasema.

"Ya kutojua nimekusamehe," nilimjibu. "Ya kujua yataje."

Alitazama mboga. Machozi yalimtoka, machozi ya kweli, sitasema alijifanya. Alisema Mungu anayajua.

"Mungu hakusingiziwa transfoma, mzee. Nilisingiziwa mimi. Rudi sokoni Mumias useme pale pale uliposema, Mama Nafula akusikie, kisha ukienda Makka nitakuombea usiku na mchana. Sitaki kingine."

Alitikisa kichwa. Alisema mimi ni mwanamke mwenye akili, nifikirie. Wajukuu wameolewa kwa jina lake. Mtoto ana lori na wateja. Yeye mwenyewe hana siku nyingi. Akasema si kwamba alitaka kumuua mtu. Alisema alitaka tu siku moja arudi mchangani na matenga yaliyojaa. Nilimwamini. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilimwamini, na bado angeniacha pale pale aliponiweka.

Nikamuuliza kama ameshakwenda kwa Mama Nafula.

"Yeye ndiye niliyeanza naye," alisema. "Alinikaribisha vizuri. Alinipikia chai."

"Akakuambia nini?"

"Aliniambia, omusakhulu, wewe hukunikosea kitu. Aliyenikosea namjua."

Pale sokoni watu walikuwa wanapita, mwanamke mmoja akashika fungu la mrenda akaliacha. Nilimuuliza mzee yeye alimjibu nini.

"Nilimaliza chai," alisema.

Kisha alinyoosha ule mkono uliochanjwa na ndoana, akauweka wazi baina yetu, na uso wake ulikuwa na matumaini ya mtu anayekaribia kumaliza kazi ndefu. "Nimezunguka kote. Wote wamenisamehe," alisema. "Umebaki wewe tu."

"Basi nitabaki," nilimwambia, nikainuka kumhudumia mteja.